Fundi Aliyesubiri Sehemu ya Pili

Mwezi uliopita nililala Mbinga mjini, kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi, nikingoja gari la asubuhi la kuteremka ziwani. Kijana wa mapokezi alikuwa ameegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, anaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa. Sauti ya mfasiri ilikuwa moja tu, ya mwanamume, ikisema maneno ya bwana, ya bibi, ya mtoto, na nadhani hata ya mbwa. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma kwa safari ya kutoka Iringa, na nilitaka kumwomba apunguze sauti nikalale. Badala yake nikavuta kiti nikakaa. Ile sauti ilinichukua mpaka kwenye banda la video la kijiji cha bibi yangu, upande wa Chiwanda, enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kwenye filamu moja ya Waswidi ambayo mpaka leo sijui inaitwaje.

Wazazi wangu walikuwa na kahawa yao Mkumbi, huko juu kwenye baridi. Babu alipofariki nilishushwa ziwani nikae na bibi, mama yake mama, ili asibaki peke yake. Sikuulizwa. Mtoto wa Kimatengo akiteremshwa ziwani kwanza analala bila shuka kwa joto, halafu anagombana na ugali. Kwetu tulikula wa mahindi na maharage. Kwa bibi ulikuwa wa muhogo, unanata, unateleza kooni kabla hujautafuna, na mboga ni usipa, dagaa wa huko ziwani: usipa asubuhi, usipa mchana, na siku ya sikukuu usipa wenye nyanya. Nililia sana nikiukumbuka ugali wa mama. Leo nikiona usipa sokoni Iringa, mkavu, umesagikasagika ndani ya gunia, nanunua hata kama sina shida nao. Nautia kiganjani nanusa, na muuzaji ananitazama kama mwehu.

Kazi zangu zilikuwa kuchota maji ziwani jua lingali pole, kufukuza kuku kwenye kichanja cha usipa, kumenya muhogo na kuuloweka. Na ilikuwapo kazi nyingine ambayo hakuna mtoto mwenzangu pale kijijini aliyekuwa nayo, nayo ilikuwa kupeleka maneno kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine aliyeketi hapohapo.

Uani kwa bibi kulikuwa na nyumba ndogo, na humo waliishi mume na mke waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, Msumbiji. Walikuwa Wanyasa kama bibi, lugha ileile, samaki walewale, na bibi aliwapokea kama watu wa ukoo waliochelewa tu kufika. Mume alikuwa fundi cherehani. Kijiji kizima kilimwita fundi, na alipopima nguo alihesabu kwa Kireno kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Mkewe nilimwita mama mdogo, kwa amri ya bibi. Walilima shamba moja, walikula chungu kimoja, walilala nyumba moja, lakini hawakusemeshana. Mama mdogo alinisimamisha mlangoni, mumewe yupo pale pale barazani anasikia kila kitu, akasema, "Mwambie fundi chakula kimeiva." Nikageuka nikasema, fundi, chakula kimeiva. Naye akaacha kuzungusha mkono wa cherehani, akajibu, mwambie mama yako mdogo ahsante, nakuja. Nikageuka tena.

Kwa watu wa kwetu jambo lenyewe si geni. Mume na mke wakikosana hutumia mtoto siku mbili tatu, hasira ikipoa mtoto anarudishwa kwenye michezo yake. Wale wawili walikuwa wakitumia watoto wa watu tangu walipovuka mpaka. Kabla yangu kazi ilikuwa ya binamu yangu, na alipokwenda sekondari nikarithishwa mimi. Mwanzoni niliona mchezo. Baadaye nikaona ni mzigo, maana ilinibidi niseme kama nilivyoambiwa, bila kupunguza ukali wala kuongeza adabu. Nikijaribu kulainisha, mama mdogo alinirudisha niseme upya. Kuna jioni nilikuwa nikilala na taya zinauma.

Kitu kingine kilichowapa watu midomo ni kwamba mke wa fundi hakuvaa nguo ya fundi. Ndiyo kwanza mitumba ilikuwa imeruhusiwa. Siku ya gulio robota lilikatwa kamba, nguo za Ulaya zikamwagwa kwenye turubai na harufu yake ile ya dawa, na wanawake wakaingia mpaka magotini. Mama mdogo alikuwa wa kwanza. Alichagua gauni la mtu asiyemjua kutoka nchi asiyoijua, na likiwa pana alilifunga kwa kanga kiunoni. Hakuomba lipunguzwe. Mumewe anashona sare za shule za watoto wa watu, mashati ya kwaya, mpaka mapazia ya padri, na mkewe anapita mbele yake na gauni la mtumba linaloburuta mavumbi. Fundi aliinamisha macho akaendelea kushona. Na tena mitumba hiyohiyo ndiyo ilikuwa inamnyang'anya wateja.

Bibi ndiye aliyenieleza chanzo, siku moja tukimenya muhogo. Aliniambia nisirudie kwa mtu, na nimekaa nayo mpaka wote wanaohusika ama wamekufa ama wamekwenda nisikokujua. Askari wa msituni walipovamia kijiji chao, watu walikimbilia ufukweni kwenye mitumbwi. Mama mzazi wa mama mdogo alikuwa ajuza aliyevimba miguu, hawezi kutembea. Fundi akatoka ndani na cherehani kichwani. Mkewe akamwambia amwachilie mbali yule mdudu wa chuma, ambebe mama. Fundi akamuuliza huko tuendako tutakula nini, akatangulia mbio, akidhani shemeji zake watamchukua yule mzee. Shemeji walikuwa wameshatawanyika. Mama mdogo alijaribu kumbeba mama yake mgongoni, wakaanguka wote wawili, na yule ajuza akaketi njiani akamwambia mwanawe aende. Milio ya bunduki waliisikia wakiwa tayari majini. Hakuna aliyejua alikufaje wala nani alimzika.

"Na cherehani imewalisha kweli," bibi alisema, akatupa ganda la muhogo kwenye lundo. "Hata mimi imenilisha mwaka wa njaa." Hakumlaumu fundi, hakumtetea. Alionekana amechoka kulifikiria jambo lenyewe.

Kisha redio ikasema huko kwao vita vimekwisha. Wakaja watu wa serikali na gari lao, wakakusanya wakimbizi wote wa mwambao chini ya paa la shule, wakasema baada ya masika itakuja boti kuwachukua wanaotaka kurudi, na anayetaka aende kwa mwenyekiti wa kijiji akaseme. Fundi alitaka kurudi. Alikuwa na hamu ya kwao mpaka ilimtoka machoni. Aliniita, akanieleza nikamuulize mama mdogo kama watakwenda. Jibu lake lilikuwa, "Mwambie fundi aende na cherehani yake. Mimi nabaki kwa mama hapa." Mama alimaanisha bibi yangu. Nikamfikishia. Fundi akasema mwambie siendi bila yeye. Nikapeleka.

Hivyo ndivyo walivyokwama, nami nikakwama katikati yao. Boti ikija ama fundi atapanda peke yake na ndoa iishie kwenye maji, ama watabaki wote wawili uani wakizeeka kwa kutumia midomo ya watoto. Mimi mwenyewe sikujua niombee lipi. Mama mdogo alinisuka nywele kila Jumamosi, na sikutaka aondoke. Lakini kuwaona vile nilikuwa sitaki tena.

Sasa nikupeleke kwenye banda la video. Mwenye duka wetu alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alitokea pwani ya Kilwa, na kabla ya ruksa duka lake lilikuwa na rafu, mizani, na yeye mwenyewe. Ukiulizia sabuni alicheka. Mambo yalipofunguliwa zikaingia sabuni za rangi, betri, biskuti, mafuta ya nywele, na mwishowe akaleta jenereta, televisheni na deki. Akajenga banda la matofali mabichi kando ya duka, akaziba madirisha kwa nailoni nyeusi. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, watoto chini kwenye mikeka. Joto la mle ndani, ndugu yangu, halielezeki. Moshi wa jenereta, jasho, karanga za kukaanga, na mtu mmoja kila mara aliyetoka kuvua samaki akaja hivyohivyo.

Fahari ya banda ilikuwa mfasiri. Alikuwa kijana wa palepale aliyekaa Dar es Salaam kidogo kwa mjomba wake akarudi na shati lenye kola pana na Kiingereza cha kuazima. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akatufasiria. Filamu za Kichina alizifasiri neno kwa neno. Kichina hakukijua, sisi tulijua kwamba hakijui, na hakuna aliyejali. Stelingi alisema anayoyataka mfasiri, na adui alijibu kwa matusi ya kijijini kwetu, mpaka akina mama waliokuwa wakipita nje wakasimama kusikiliza.

Filamu ya Waswidi ilikuja kwa bahati. Upande wa kaskazini, kuelekea Lituhi, aliishi mtaalamu wa Kiswidi wa mradi wa maji. Mkataba wake ulipokwisha akauza vitu vyake, na mwenye duka akanunua kasha zima la kaseti bila kuzitazama. Nyingi zilikuwa za watu wanaoteleza kwenye barafu wakiwa na mbao miguuni, tukaziangalia mara moja tukachoka. Lakini mojawapo ilikuwa na jalada lenye nyumba inayoungua na askari mwenye bunduki. Jumapili ubao nje ya banda ukaandikwa kwa chaki kwamba leo ni vita, stelingi mzungu, mwanzo mwisho mapigano. Baada ya misa watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja bandani, hawakupitia nyumbani kula.

Bibi hakuniruhusu kwenda peke yangu penye wavulana wengi, akamwomba mama mdogo anisindikize. Mama mdogo hakuwahi kuingia mle. Alifunga kanga vizuri, tukaketi pembeni kwenye benchi la wanawake. Fundi alikuwa ameshafika, amesimama na wanaume ukutani upande wa pili. Nadhani hakuna kati yao aliyejua mwenzake atakuwapo.

Filamu ikaanza, haina rangi. Watu wakalalamika, mwenye duka akaja akaipiga televisheni ubavuni, rangi haikuja. Kulikuwa na mume na mke wanaoishi kando ya ziwa la kijivu, wana ng'ombe mmoja na shamba la viazi. Hawakuwa na watoto. Mfasiri akatujulisha kwamba huyu mnayemwona ni komando mstaafu, amejificha kijijini, na chini ya hivyo viazi amefukia silaha nzito. Tukashangilia. Mzungu akachimba, vikatoka viazi. "Bado," mfasiri akasema. Mzungu akachimba tuta jingine, viazi. Mfasiri akatuliza watu, akasema huyu ni mjanja, anawapima. Mpaka leo nikichimba viazi huwa nacheka peke yangu shambani.

Askari wakaja kwa malori. Mkuu wao akasimama mlangoni akamuuliza yule mume kitu, akionyesha ndani. Sisi tulikuwa tumemwona mkewe akipanda kujificha darini. Mume akatikisa kichwa. Labda alikataa ili kumficha mkewe, labda alikataa kwa woga, wala uso wake haukusema. Wakaichoma nyumba. Mume akasimama uani ameshika kofia yake mikononi, anatazama. Mke akatoka kwa dirisha la nyuma akikohoa, nywele zimeungua upande mmoja, akasimama mbele yake akamtazama. Mfasiri akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa stelingi amepandwa na hasira, kaeni mkao wa kula. Stelingi hakufanya chochote. Alivaa kofia yake.

Tangu hapo, ndugu yangu, hakukuwa na risasi. Wale wawili walihamia kwenye banda la ng'ombe. Mke alimenya viazi, akaweka sahani, mume akala. Mke akaosha sahani. Kimya. Ile nyumba niliijua. Nilikuwa nikimtafuta kwa macho mtoto wa kuwapelekea maneno, nikamkosa, nikawaonea huruma kuliko nilivyowaonea nyumba yao ilipoungua.

Kisha sura ya yule mwanamke ikajaa televisheni nzima, akaanza kusema. Alisema polepole, muda mrefu, hakulia. Mfasiri akainua kipaza sauti. Tulisikia pumzi zake. Akaanza, "Anasema..." akaacha. Akaanza tena, akaacha tena. "Hapa sijui," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kijana tuliyemjua mtaani. "Hapa jamani sijui." Akakiweka kipaza sauti juu ya deki.

Hakuna aliyemzomea. Tulimsikiliza yule mwanamke kwa Kiswidi chake mpaka akamaliza. Mama mdogo alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu, ananiumiza, nami sikuthubutu kuutoa. Upande wa pili fundi alikuwa amejibanza ukutani, haangalii televisheni. Alikuwa anamwangalia mkewe.

Mwisho wake walitoka wakatembea barabarani kwenye theluji, mume mbele, mke nyuma, hatukuonyeshwa waendako. Wakawa wadogo, wakawa nukta mbili, yakapanda maandishi. Banda likalipuka. Watu waliuliza silaha ziko wapi. Waliuliza ni filamu gani inakwisha stelingi hajapiga hata kofi. Wakati ule filamu ndefu za Kihindi zilikuja kwa kaseti mbili, kwa hiyo kila mtu alielewa kilichotokea: tumewekewa nusu. Wakaanza kudai pati tuu, wakipiga mabenchi. Mwenye duka akasimama mlangoni, akainua mikono, akasema sehemu ya pili imebaki Songea na ikifika atatuonyesha. Watu wakatulia wakaenda zao.

Tulirudi mimi na mama mdogo mpaka karibu na nyumbani. Ndipo akaniambia, "Umemwona yule mwanamume alivyokula? Viazi vyote alivimaliza." Akaingia ndani akafunga mlango.

Wengine waliisahau filamu ile wiki hiyohiyo. Fundi hakuisahau. Kila alipopita dukani kuchukua uzi aliuliza kama mzigo wa Songea umefika. Mwenye duka alisema bado. Masika yakaisha, mchanga ukakauka, mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe barazani kumuuliza kama atapanda boti au la, maana siku zimekaribia. Fundi akamwomba angoje kidogo. Mwenyekiti akauliza anangoja nini, naye kwa unyofu wake akasema anangoja sehemu ya pili ya ile filamu. Basi akawa kichekesho. Vijana ufukweni walimwita Mswidi. Wakipita barazani walimuuliza kama leo ameota theluji.

Mimi aliniambia sababu yake siku alipokuwa ananipima sare ya shule. Alikuwa amepiga magoti, futi shingoni, nami nimenyoosha mikono. Alisema, "Nataka tu kujua kama walipofika waliingia nyumba moja." Halafu akaendelea kuhesabu kwa Kireno.

Maneno hayo hakuniagiza niyapeleke kwa mtu. Niliyapeleka. Nilimkuta mama mdogo anachambua usipa, nikamwambia fundi amesema hivi na hivi. Akauliza nani amekutuma. Nikasema hakuna. Akaurudisha ule usipa kwenye ungo, akanawa, akajifunga kanga, akatoka bila kuniita. Nikamfuata.

Mwenye duka alikuwa anapima sukari. Mama mdogo alimsalimu, akamuuliza sehemu ya pili iko wapi. Mwenye duka alitaka kurudia habari za Songea, akamtazama usoni, akaiacha. Akamwambia, dada yangu, hakuna. Kasha zima nimelipekua, haimo, na kwenye jalada lenyewe haikuandikwa popote. Nilisema vile wasinivunjie banda. Akataka kumpa ile kaseti achukue bure, mama mdogo akakataa. Alimshukuru, tukarudi kwa njia ya ufukweni, jua kali, mchanga unachoma nyayo, naye anatembea kama aliyebeba ndoo kichwani.

Fundi alikuwa barazani anakunja pindo la kaptura ya shule. Mama mdogo akasimama mbele yake. Nikajisogeza mahali pangu, nikijiandaa kutumwa. Hakunitazama.

"Hakuna sehemu ya pili," alimwambia mumewe. "Mwenye duka aliwadanganya."

Fundi alinigeukia mimi kwanza, akingoja nirudie. Sikuwa na la kurudia. Akamgeukia mkewe, na nilimwona akihangaika na macho, hajui ayaweke wapi.

"Sasa wale waliishia wapi?"

"Njiani."

Bibi alikuwa ametoka jikoni na kisu cha muhogo, akasimama palepale. Mama mdogo akasema tena, bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja kazi za kesho.

"Nimechoka kukukasirikia. Hasira haijaisha, ila mimi nimechoka. Nataka nikatafute alipolala mama. Boti ikija tutapanda wote. Lakini wewe hubebi kitu."

Fundi aliweka kiganja juu ya cherehani. "Tutakula nini huko?"

"Hata siku ile uliniuliza hivyohivyo."

Fundi alibaki vile mpaka kivuli cha paa kikamfikia magotini. Kisha akachomoa uzi, akaitoa ile kaptura, akamalizia pindo kwa mkono, maana mwenye kaptura alikuwa anaihitaji kesho yake. Cherehani akaifunika kwa kifuniko chake cha mbao, akaibeba mpaka chumbani kwa bibi. Bibi aliipokea na hakusema ahsante, kwa kuwa haikuwa zawadi.

Siku ya boti kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Wengine walisafiri na milango ya nyumba, mbuzi, magodoro, baiskeli. Mama mdogo alikuwa na kifurushi kidogo kichwani na gauni la mtumba. Fundi alikuja mikono mitupu. Aliikunja kifuani, akaikunjua, akaitia mifukoni, akaitoa. Boti haikuweza kusogea mchangani, ikabidi watu wazima waingie majini mpaka kiunoni na wazee wabebwe. Fundi akaanza kubeba wazee. Alimpeleka mmoja, akarudi, akamchukua mwingine, akarudi, maji yanamtiririka, hata wale wenye wajukuu wa kuwabeba akawabeba. Nakuambia hili si kwamba lilibadilisha kitu. Mama mdogo alimtazama kutoka kwenye boti, na uso wake haukulainika hata kidogo. Fundi alipopanda mwisho kabisa, hajiwezi, anahema, mama mdogo alisogea akampa nafasi ya kukaa. Hawakugusana. Boti ikaondoka na kelele zake, nami nikarudi nyumbani na midomo isiyo na kazi, na nilikasirika mno, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kunipungia.

Nilipoteremka mwezi huo uliopita kwa lami, safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache. Nyumba ya uani ilianguka zamani, mahali pake pamepandwa migomba. Bibi amelala makaburini, ng'ambo ya kanisa. Cherehani aliiazima mtu, naye akaiazimisha kwa mwingine, na hakuna anayejua ilipo. Banda la video sasa ni kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na msichana aliyekuwamo hakujua kama pale paliwahi kuwa na filamu. Mfasiri nasikia anachunga ng'ombe wa shemeji yake huko bondeni, na meno hana. Watoto wanatazama filamu kila mmoja na simu yake, kila mmoja na lugha aliyoichagua, na ikiwachosha wanaigeuza. Sijui nani sasa angekaa mpaka mwisho pamoja na watu wote wa kijiji chake, kwenye joto lile, mbele ya mtu asiyejua kinachosemwa akakiri kwamba hajui.

Watu walimuuliza bibi kwa miaka kama wale wawili walipatana. Alikuwa akijibu kwamba hajui, yeye aliwaona tu wamepanda boti moja, na kwa sauti yake alikuwa amemaliza. Zamani jibu lile liliniudhi, nilitaka aseme ndiyo au hapana. Sasa nimekaa na mume zaidi ya nusu ya maisha yangu, tumesameheana machache na mengine tumechoka nayo tu, na jioni anajisogeza kwenye benchi ili nikae. Bibi alikuwa amejibu.